Namna ya kukadiria thamani ya gitaa lililotumika

Magitaa mawili yaliyotoka kiwandani wiki moja, ya modeli moja na rangi moja, yanaweza baada ya miaka 30 kupishana bei mara mbili au zaidi, na tofauti hiyo haitokani na ulimi wa muuzaji bali na mambo yanayoonekana kwa macho na kupimika kwa mkono. Mambo hayo yana utaratibu wake. Anayeanza kwa kuhesabu mikwaruzo kabla hajajua ameshika gitaa gani anapoteza muda, na anayekimbilia kulipaka rangi upya na kulibadilishia vipuri ili livutie sokoni mara nyingi hujikuta amelipunguzia thamani kwa fedha zake mwenyewe.

Utaratibu ninaoueleza hapa unamfaa anayeuza sawa na anayenunua, na unaongozwa na swali moja ambalo nakusihi uliulize mbele ya kila kasoro utakayoiona: je, hili linarekebishika bila kuacha alama? Kilichochakaa na kinachoweza kurudishwa katika hali yake hupunguza bei kwa kiasi cha gharama ya fundi. Kilichokatwa, kilichotobolewa, kilichovunjika au kilichokwanguliwa huondoka na sehemu ya thamani ambayo hakuna fundi atakayeirudisha.

Andaa tochi ndogo, kioo kidogo cha mkononi, rula ndefu iliyonyooka, kipande cha karatasi nyembamba, bisibisi na simu ya kupigia picha. Ukiweza kupata tochi ya mwanga wa urujuanimno, kama zile za kukagulia noti bandia, kazi itakuwa nyepesi zaidi.

Hatua ya kwanza: jua ni gitaa gani hasa

Jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa halitoshi. Modeli ya Stratocaster hutengenezwa kwa jina la Fender na pia kwa jina la Squier, ambalo ni la kampuni hiyo hiyo. Les Paul hutoka Gibson na pia Epiphone. Na Fender yenyewe ina magitaa yaliyotengenezwa Marekani, Meksiko na Japani ambayo kwa mbali yanafanana, lakini bei zao hazikaribiani. Unatafuta mambo matatu: modeli kamili, nchi lilikotengenezwa, na mwaka.

Mwaka husomwa kwanza kwenye namba ya mfululizo, na kila kampuni ina desturi yake. Martin imehesabu magitaa yake kwa mfululizo mmoja tangu 1898, ilipoanzia namba 8000, na namba hiyo huchapwa ndani ya mwili, kwenye kipande cha mti kinachobeba shingo, hivyo utaiona ukichungulia kwenye tundu la sauti kwa tochi. Gibson, kwa magitaa yake mengi ya kati ya 1977 na 2005, ilitumia tarakimu nane ambamo ya kwanza na ya tano ni mwaka, na ya pili hadi ya nne ni siku ya mwaka huo. Ukikuta 81235562, chukua 8 na 5 upate 1985, kisha 123 upate siku ya 123, yaani tarehe 3 Mei. Fender iliweka namba kwenye bamba la chuma linaloshika shingo hadi katikati ya miaka ya 1970, kisha ikaihamishia kichwani.

Tatizo la namba iliyochapwa kwenye bamba ni kwamba bamba lenyewe limeshikwa na skrubu nne tu, na yeyote mwenye bisibisi anaweza kulihamishia kwenye gitaa jingine. Ndiyo maana namba ya mfululizo huthibitishwa na ushahidi mwingine. Kwenye gitaa la umeme, fungua kifuniko cha saketi utazame migongo ya potenshiometa, vile vipande vya mviringo vilivyo chini ya vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti. Mara nyingi utakuta tarakimu zimepigwa muhuri kwenye bati. Namba 1376632, kwa mfano, husomeka hivi: 137 ni namba ya CTS, kiwanda kilichotengeneza potenshiometa, 66 ni mwaka 1966, na 32 ni wiki ya 32 ya mwaka huo. Hiyo ina maana kwamba gitaa hilo, kama potenshiometa ni zake za asili, halikukamilika kabla ya Agosti 1966. Linaweza kuwa la miezi mingi baadaye, kwa sababu viwanda hununua vipuri kwa wingi na kuvihifadhi, lakini haliwezi kuwa la 1964 hata muuzaji aape vipi.

Magitaa ya kughushi yanastahili tahadhari yake. Les Paul za kughushi ni nyingi, na nyingi kati yake hujisaliti kwa kifuniko kidogo kilichopo kichwani, kinachoficha nati ya nondo ya shingo, yaani chuma kilichomo ndani ya shingo cha kurekebisha unyoofu wake: Gibson hukifunga kwa skrubu 2, waghushi wengi huweka 3. Tazama pia umbo la sehemu ya juu ya kichwa, ambalo wengi hulikosea kidogo, na nguzo za daraja la nyuzi, yaani kipande kinachobeba nyuzi mwilini, ambazo kwenye nakala mara nyingi ni nene na zina mfereji mpana wa bisibisi. Usihukumu kwa alama moja, kwa maana vipuri hubadilishwa hata kwenye magitaa halisi. Alama tatu zikikubaliana, weka gitaa chini uondoke.

Hatua ya pili: uliza nani analitafuta

Umri peke yake si thamani. Kuna magitaa mengi ya miaka ya 1960 ambayo yalikuwa hafifu yalipokuwa mapya na yanaendelea kuwa hafifu yakiwa mazee. Kinachopandisha bei ni idadi ya watu wanaolitaka gitaa hilo hasa ikilinganishwa na idadi ya magitaa yaliyopo, na mfano ulio wazi kuliko yote ni Les Paul Standard za rangi ya machweo zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1960. Hazikufika 2,000. Wakati wake hazikununuliwa sana, na Gibson ikaliacha umbo hilo mwaka 1961. Kisha wapigaji kama Mike Bloomfield na Eric Clapton wakazishika katikati ya muongo huo, sauti yao ikapendwa, na gitaa lililokuwa likidoda dukani likaanza kuwindwa. Leo moja iliyo katika hali ya asili huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Mti ni ule ule na waya ni ule ule. Kilichobadilika ni wanaoutafuta.

Wakati mwingine soko huchora mstari kwenye tarehe. Mwanzilishi wa Fender, aliyeitwa Leo Fender, aliiuza kampuni yake kwa kampuni ya utangazaji ya CBS Januari 1965, kwa dola milioni 13, na hadi leo gitaa la Fender la kabla ya mauzo hayo lina bei ya juu kuliko la miaka michache baadaye, kwa kuwa wanunuzi wengi wanaamini ubora ulishuka chini ya wamiliki wapya. Kwa Martin, mistari miwili hutajwa sana: mwishoni mwa 1944, kampuni ilipoacha kuchonga na kupunguza uzito wa mbavu za ndani zinazoshika ubao wa mbele, na 1969, ilipomaliza kutumia mti wa waridi wa Brazili kwenye modeli ya D-28 na wenzake. Baadhi ya magitaa ya Japani ya miaka ya 1970 na 1980 nayo yamepanda, hasa Fender za kwanza za Japani, zilizoanza 1982 na zenye namba inayoanza na herufi JV, ambazo zilinunuliwa kwa bei nafuu na leo zinasakwa.

Hata hivyo, gitaa ulilonalo huenda si miongoni mwa hayo. Mengi yanayouzwa na kununuliwa kila siku ni magitaa ya kawaida ambayo bado yanatengenezwa, na kwa haya kanuni ni nyepesi: bei ya jipya ndiyo dari. Hakuna atakayelipa karibu na bei ya dukani kwa kitu kisicho na dhamana, kwa hiyo gitaa safi la aina hii huangukia takriban kati ya nusu na theluthi mbili ya bei ya jipya. Likipanda jipya, nalo hupanda. Kampuni ikitoa toleo lenye maboresho, nalo hushuka. Magitaa ya bei ya chini kabisa ya wanaoanza yako katika hali mbaya zaidi, kwa kuwa gharama ya fundi kulirekebisha moja huweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe.

La mkono wa kushoto huwa na wanunuzi wachache, na muuzaji ajipange kusubiri. Rangi nayo ina nafasi yake: Fender iliwahi kutoza asilimia 5 ya ziada kwa rangi maalumu, wateja wengi wakaikwepa gharama hiyo, na kwa sababu hiyo rangi zile zikawa adimu na leo huongeza bei sana kwenye gitaa la zamani. Kwa kuwa huongeza bei, pia hughushiwa, na hapo ndipo hatua ya nne itakapokufaa.

Hatua ya tatu: kagua mti

Hapa ndipo ninapotumia nusu ya muda wangu wote, na nakushauri ufanye hivyo hivyo.

Anza nyuma ya kichwa cha gitaa, pale kinapoungana na shingo. Kwenye Gibson nyingi kichwa kimelala nyuma kwa pembe ya digrii 17, shingo imechongwa kwa mahogani ambayo nyuzinyuzi zake hukatika kirahisi katika pembe hiyo, na mahali hapo hapo pamechimbwa shimo la nati ya nondo. Ni sehemu dhaifu kuliko zote, na gitaa likianguka chali, hata likiwa ndani ya kasha lake, huvunjika papo hapo. Mpasuko ulioungwa vizuri kwa gundi unaweza kudumu maisha yote na sauti isibadilike, lakini bei hushuka kwa takriban nusu, na kuungwa huko hakufutiki.

Niliwahi kununua gitaa la namna hiyo bila kujua. Muuzaji alinitumia picha nyingi nzuri, zote za mbele. Nilipolishika nilivutiwa na sauti yake na sikulipindua nyuma kwa makini. Wiki mbili baadaye, nikibadilisha nyuzi chini ya taa ya mezani, mwanga ulipiga kwa ubavu na nikaona mstari mwembamba kama unywele ukipita kwa mshazari nyuma ya kichwa, na kando yake rangi ikiwa nyeusi kidogo kuliko shingoni. Nilipopitisha ukucha ulikwama. Gitaa lile bado ninalo na ninalipenda, ila nililipa bei ya gitaa zima. Tangu siku hiyo sijanunua gitaa bila kushika tochi karibu kabisa na mti na kuilaza ili mwanga upite juu ya uso badala ya kuupiga moja kwa moja, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaotoa kivuli cha mpasuko. Tochi ya urujuanimno husaidia pia: vanishi ya zamani ya nitroselulosi hung'aa kwa rangi ya kijani au manjano chini ya mwanga huo, na palipopakwa upya huonekana kama kiraka cheusi.

Kisha angalia unyoofu wa shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Ikitosha kupitisha kadi nyembamba ya jina, shingo iko sawa. Ikizidi sana, fundi atazungusha nondo, na hilo ni jambo dogo, mradi nondo yenyewe bado inazunguka. Muulize muuzaji ruhusa ya kuizungusha robo tu. Nondo iliyokwama au iliyofika mwisho wa meno yake ni gharama kubwa. Shingo iliyojisokota, ambayo upande mmoja umeinuka na mwingine umeshuka ukiitazama kutoka kichwani kama mtu anayelenga shabaha, ni mbaya zaidi kuliko iliyopinda tu.

Gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, lina mtihani wake wa ziada, nao ni pembe ya shingo. Kwa miaka mingi mvuto wa nyuzi huikokota shingo mbele, nyuzi hupanda juu ya ubao wa vidole, na mwenye gitaa huzishusha kwa kukwangua kipande cha mfupa kilicho kwenye daraja hadi kinakaribia kwisha. Laza rula juu ya freti, uisogeze hadi ifike kwenye daraja. Ikigusa ukingo wa juu wa daraja, shingo iko salama. Ikigonga ubavu wa daraja chini ya ukingo, shingo inahitaji kung'olewa na kupachikwa upya kwa pembe sahihi. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea: kwenye gitaa la bei ndogo kazi hiyo hugharimu kuliko gitaa, kwa hiyo kasoro hiyo hulimaliza kabisa, lakini kwenye Martin ya miaka ya 1950 ni matengenezo yanayotarajiwa, na iliyokwisha kufanyiwa kazi hiyo na fundi mzuri huweza kuuzwa haraka kuliko isiyofanyiwa.

Jaribu pia kupenyeza karatasi chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia, gundi imeanza kuachia. Gonga mwili taratibu kwa konzi ya kidole kila mahali. Mlio wa kuchakacha ni ubavu wa ndani ulioachia. Ingiza kioo na tochi kwenye tundu la sauti utafute viraka vidogo vya mti vilivyogundishwa ndani, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoonyesha mpasuko uliozibwa. Mpasuko mmoja wa ubao wa mbele uliozibwa vizuri haupunguzi bei kama kichwa kilichovunjika. Kwenye Martin za zamani kuna mpasuko unaojulikana kando ya bamba la kukingia mikwaruzo: bamba lile la seluloidi liligundishwa moja kwa moja kwenye mti usiopakwa vanishi, nalo likinywea huvuta mti hadi ukapasuka. Nyufa nyingine nyingi hutokana na ukavu, na gitaa kavu lililohifadhiwa kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55 huzikwepa.

Hatua ya nne: tenganisha cha asili na kilichobadilishwa

Kwenye gitaa la kawaida linaloendelea kutengenezwa, kipuri kilichobadilishwa kwa kipuri bora hakiharibu bei, ila hakiiongezi pia kwa kiasi ulicholipa. Mtu aliyeweka pikapu (vinasa sauti vya nyuzi kwenye gitaa la umeme) za gharama kwenye gitaa la bei nafuu asitarajie kurudishiwa fedha hizo. Njia ya busara ni kurudisha pikapu za asili kabla ya kuuza, kisha kuuza zile za gharama peke yake. Kwa sababu hii nakuomba usitupe kamwe kipuri chochote ulichokitoa: tia kwenye mfuko, andika tarehe, weka ndani ya kasha.

Kwenye gitaa la zamani linalosakwa mambo ni makali. Kupakwa rangi upya peke yake hukata karibu nusu ya thamani, hata kama rangi mpya ni nzuri kuliko ile iliyochubuka. Vitufe, kifuniko, hata kapasita moja ndogo, vyote vina bei yake. Pikapu za Gibson zinazojulikana kama PAF, zilizotengenezwa kati ya 1957 na takriban 1962 na kubandikwa karatasi ndogo chini yenye maneno Patent Applied For, huuzwa peke yake kwa maelfu ya dola, na ndiyo maana magitaa mengi yamenyang'anywa zake njiani. Tazama lehemu kwenye maungio ya waya. Lehemu ya kiwandani ambayo haijaguswa huwa imefifia na kufanana kote; tone linalong'aa katikati ya yaliyofifia ni dalili kwamba kuna mtu alifungua. Usiyeyushe lehemu ya asili ili kuthibitisha jambo, kwa sababu kuguswa kwake nako kunashusha thamani.

Matundu ndiyo yasiyosameheka. Vikazio vya nyuzi vikibadilishwa kwa vingine vinavyotumia matundu yale yale ya skrubu, hasara ni ndogo. Vikihitaji matundu mapya nyuma ya kichwa, au mtu akichimba mwili ili pikapu kubwa iingie mahali pa ndogo, alama hiyo itabaki daima. Ondoa kifuniko cha mbele utazame kuta za shimo la pikapu: mashine ya kiwandani huacha kuta safi zenye mabaki ya rangi ndani, patasi au mashine ya mkononi huacha mti mweupe usio sawa. Rangi adimu niliyoitaja hukaguliwa hapo hapo pia. Ukikuta chembe za rangi nyingine ndani ya shimo, chini ya ile ya juu, swali la kwanza ni kama ilibadilishwa kiwandani au gereji.

Hatua ya tano: pima uchakavu

Hatua hii ni fupi, kwa kuwa karibu kila kitu kilichomo kinarekebishika. Freti zilizochimbika chini ya nyuzi husawazishwa mara moja au mbili kabla ya kuisha. Zikibaki bapa, fundi huweka mpya, na gharama hiyo hutolewa kwenye bei kama ilivyo. Kitufe kinachokwaruza sauti kwa kawaida hupona kwa dawa ya kusafishia. Mikwaruzo ya mkanda mgongoni, nyufa nyembamba za vanishi ya nitroselulosi zinazofanana na utando wa buibui, na sehemu iliyolika mkono unapopita, hazimsumbui mnunuzi wa gitaa la zamani, ilhali kwenye gitaa la mwaka jana mkwaruzo mmoja mbele unaweza kumpa hoja ya kushusha bei.

Kabla ya kuuza, weka nyuzi mpya, futa kwa kitambaa laini kikavu, sawazisha shingo, na uishie hapo. Usisugue kwa dawa za kung'arisha. Usilisimamishe gitaa lenye vanishi ya nitroselulosi kwenye stendi yenye mpira wa kawaida, kwa sababu kemikali za mpira huiyeyusha vanishi na kuacha doa lisilotoka.

Hatua ya sita: kusanya ushahidi

Kasha la asili, risiti ya kwanza, vitambulisho vya karatasi na picha za zamani za mwenye gitaa huongeza bei kwa sababu vinamwondolea mnunuzi shaka. Hadithi isiyo na karatasi, hata ikiwa ya kweli, haina bei. Iliyothibitishwa inaweza kupindua kila nilichosema kwenye hatua ya nne: Stratocaster nyeusi ya David Gilmour, mpigaji gitaa wa bendi ya Pink Floyd, ilibadilishwa shingo na pikapu, ikachimbwa na kuzibwa mti wake kwa miaka mingi, lakini iliponadiwa na nyumba ya mnada ya Christie's jijini New York Juni 2019 ilifika dola 3,975,000. Mwaka mmoja baadaye, Martin D-18E ya 1959 aliyoipiga Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana, modeli ambayo kampuni iliitengeneza kwa muda mfupi tu, ilinunuliwa kwa dola 6,010,000. Katika mauzo hayo mnunuzi analipia mikono iliyolishika gitaa, na ndiyo maana ushahidi unahesabiwa kuliko mti.

Karatasi nyingine ni za kisheria. Mti wa waridi wa Brazili, ambao ni wa jenasi moja na mpingo, uko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, na gitaa lenye mti huo halivuki mpaka kibiashara bila vibali. Jenasi yote iliwekewa masharti Januari 2017, kisha ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa masharti hayo mwishoni mwa 2019, isipokuwa zenye mti huo wa Brazili. Gitaa lisilo na kibali hubaki na wanunuzi wa ndani ya nchi tu, na bei yake hufuata idadi yao.

Hatua ya saba: pata namba yenyewe

Sasa tafuta bei zilizolipwa, si zinazoombwa. Muuzaji yeyote anaweza kuandika bei anayoiota, na tangazo lililokaa miezi minane ni ushahidi kwamba bei hiyo haikubaliki. Masoko ya mtandaoni kama Reverb, iliyoanza 2013, huonyesha mauzo yaliyokamilika. Chukua matano au sita ya modeli na miaka ile ile, tupa la juu kabisa na la chini kabisa, kisha tafuta katikati ya yaliyobaki.

Kutoka hapo, hesabu ni ya kutoa. Tuseme katikati hiyo ni 100 kwa gitaa safi lenye kila kitu chake. Lako lina freti zilizokwisha na fundi anataka 15: baki na 85. Halina kasha la asili, ambalo peke yake linauzwa 5: baki na 80. Kama kichwa kiliwahi kuvunjika, usianze na 100 kabisa. Anza na takriban 50, halafu utoe mengine. Kasoro inayorekebishika hutolewa kama kiasi, isiyorekebishika hutolewa kama sehemu ya zima, na anayechanganya mambo haya mawili hukosea kwa mbali.

Njia ya kuuza nayo hubadilisha namba. Duka linalonunua kwa fedha taslimu hutoa mara nyingi karibu nusu ya bei litakayoliuzia, kwa kuwa linabeba gharama ya fundi, dhamana na kusubiri. Hilo si dhuluma, ni bei ya kumaliza leo. Ukiliacha dukani liuzwe kwa niaba yako, duka hukata sehemu yake likiuzika. Ukiuza mwenyewe utapata zaidi, ila utajibu maswali mengi na utasubiri.

Andika tangazo kwa kutaja kasoro zote, na mpasuko wowote upigwe picha kwa karibu chini ya mwanga wa ubavuni. Mnunuzi aliyeambiwa mapema hubishania kiasi kidogo. Aliyegundua mwenyewe hurudisha gitaa au hudai nusu. Likisafirishwa, legeza nyuzi kidogo, jaza nguo laini chini ya kichwa na pande zake zote mbili hadi kisitikisike ndani ya kasha, kisha tia kasha kwenye boksi lenye nafasi iliyojazwa karatasi, na upige picha kila hatua kabla ya kubandika gundi.